Chipu Iliyopimwa Bila Tani

Mwalimu wa hesabu aliingia gereji saa tano na robo asubuhi, mkono wa kulia ameufumba kama mtu aliyekamata panzi, na Waya akajua papo hapo kwamba hii si salamu, hii ni kesi. Watu wa salamu pale walijulikana. Gereji ilikuwa na magari sita na watu ishirini, na kati ya hao ishirini wenye magari hawakufika wanne. Waliobaki walikuja kukaa tu: kusikia nani kagombana na nani, kuegemea boneti za watu, kutoa ushauri wa injini ambazo hawajawahi kuzifungua. Waya aliwapenda wote. Nyumba bila watu ni kaburi, alizoea kusema, na gereji bila umbeya ni stoo ya vyuma.

"Hodi, fundi."

"Karibu, mwalimu. Gari linasemaje?"

"Gari halisemi kitu. Ndiyo shida yenyewe." Mwalimu akafumbua kiganja. Ndani yake mlikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kiberiti, kimepasuka ubavuni. "Nimekipiga goti wakati nashuka, kikaanguka, nikakikanyaga. Kosa langu. Lakini ningekuja hata kisingepasuka. Wiki tatu naandika mafuta ninayoweka na kilomita ninazokwenda. Lita zilezile, kilomita zilezile."

"Labda gari lako ndilo halijaenda shule, mwalimu," alidakia Pistoni, fundi wa injini, kutoka chini ya gari la mtu. Watu wakacheka. Waya naye akacheka, ila kicheko kilimtoka nusu.

Kidude kile alikifahamu vizuri mno. Ilikuwa chipu ya kuongeza nguvu. Mwezi uliopita mchuuzi mmoja alipita na begi zima la vidude hivyo. Unakichomeka kwenye ile soketi ya chini ya usukani, pale mafundi wanapochomeka mashine ya kupimia, kitaa cha kijani kinaanza kupepesa, na basi: gari linapata nguvu za ziada na kiu ya mafuta inapungua. Ndivyo boksi lilivyojieleza, na bei yake ilikuwa bei ya kandambili. Waya ndiye aliyekuwa fundi umeme pale, jina lenyewe la Waya alilipata kwa kazi hiyo, na ndiye aliyewachomekea watu. Magari tisa. La kwanza kabisa lilikuwa la mdogo wake.

"Lete nikione," alisema.

Akakaa kwenye benchi lake, akasogeza taa, akachomeka bisibisi nyembamba kwenye ufa na kukibandua. Gundi iliyokifunga ilikuwa nyingi kupita kiasi. Hilo peke yake lingemshtua zamani. Marehemu aliyemfundisha kazi alikuwa na neno lake: mgeni usimsifu kabla hujamfungulia begi. Miaka kumi na minne Waya alikuwa hasifu kitu chochote chenye umeme mpaka akifungue aone utumbo wake. Chipu hizi hakufungua hata moja. Zilikuwa zimegandishwa, ukifungua umeiharibu, na siku ile kila mtu alikuwa na haraka ya kufurahi.

Kifuniko kikatoka. Waya akainama. Akainuka, akafuta macho kwa kiwiko, akainama tena.

Mdomoni mwa kidude pini kumi na sita zilijipanga kama meno. Kati ya hizo kumi na sita, zilizolehemewa kwa risasi zilikuwa mbili tu: ya moto na ya hasi. Zile ambazo kompyuta ya gari huongelea, zile za kupeleka na kuleta habari, zilikuwa uchi, hazijagusa popote. Na ndani kabisa, pale alipotarajia kukuta akili ya kifaa, mlikuwa na kitaa kimoja, rizista moja ya kupunguza umeme, na kijidudu cha kukifanya kitaa kipepese.

"Vipi, fundi?" mwalimu aliuliza.

"Ni kitaa," alisema Waya.

"Kitaa cha nini?"

"Cha kupepesa."

Pistoni alitoka chini ya gari kwa mgongo, akaja na grisi yake hadi kwenye benchi. Hakuwa mtu wa umeme, lakini pini mbili na kumi na sita hata yeye alijua kuzitofautisha. "Kwa hiyo gari halijui kama hiki kitu kimo?"

"Halijui. Kinakula umeme kidogo, kinapepesa, basi."

"Haiwezekani," alisema Pistoni. "Tulikipima. Mlima ulisema wenyewe."

Wote wakageuka kuutazama ubao. Pale ukutani, juu ya matairi, palikuwa na kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi, na juu yake, kwa chaki, kwa mwandiko wa Waya mwenyewe: *Bila chipu 41. Na chipu 35.* Chini yake mtu mmoja alikuwa amechora gari lenye mabawa.

Mlima ulikuwa mzani wa gereji ile. Nyuma ya ukuta kulikuwa na barabara inayopanda wima, kutoka nguzo ya kwanza ya umeme hadi tangi la maji, na gari lolote lililotengenezwa injini lilipelekwa pale kuapishwa. Utaratibu ulikuwa mmoja tangu enzi: unajaza watu ndani, maana gari tupu hata mbuzi anaweza kulisukuma, unaanzia kwenye nguzo, dereva anakanyaga, na abiria wote wanahesabu kwa sauti moja, moja, mbili, tatu, mpaka pua ya gari ifike kwenye tangi. Saa ya mkononi hawakuitaka. Saa, alisema Pistoni, inaweza kusimama, lakini watu watano wakihesabu pamoja nani atawadanganya?

Na chipu walikuwa wameipima hivyohivyo, kwenye gari la mdogo wake Waya. Arobaini na moja bila. Thelathini na tano nayo. Watu walishuka wakipiga makofi kama wametoka harusini, na Waya akachukua chaki.

"Samahani," alisema mwalimu, taratibu, kwa sauti ile ya kumwita mtoto ubaoni. "Mara ya kwanza ndani walikuwemo nani?"

"Mimi," alisema Pistoni. "Waya. Yule mpaka rangi wetu. Tani. Na dereva mwenyewe, mdogo wake Waya. Watu watano."

"Na mara ya pili?"

"Haohao. Mimi, Waya, mpaka rangi..." Pistoni akahesabu tena kwa vidole.

Kutoka kona ya kuchomelea, ile mashine iliyokuwa ikilia ikazimwa, na Tani akainua kinyago cha macho. Tani alikuwa mchomeleaji wa bodi. Jina alipewa siku aliyokaa kwenye kiti cha ofisini na kiti kikaomba poo. Alikuwa mtu mpole, mkubwa kama mlango wa godauni, na sasa alikuwa akiwatazama kama mtu aliyesikia jina lake mahakamani.

"Mimi mara ya pili nilishuka," alisema Tani. "Yule mama aliyeleta ekzosi nimchomelee aliniita. Nilidhani mmeona."

"Tuliona nafasi imeongezeka," alisema mpaka rangi. "Mimi nilijua ni nguvu ya chipu."

Hapo ilitakiwa watu wacheke, na walicheka, tena sana. Mmoja ilibidi ashike tairi asianguke. Wawili tu hawakucheka, mwalimu na Waya. Waya alikuwa akimkumbuka mdogo wake nyuma ya usukani siku ile. Mara ya kwanza alikanyaga mafuta kama anayekanyaga yai. Mara ya pili, kitaa cha kijani kinampepesa gotini, alikanyaga kama anaua nge. Halafu akageuka na meno yote nje: "Dada! Umeona? Umeona lakini?" Naye akajibu, mbele ya watu, kwa mdomo wake huu: "Nimeona. Kinafanya kazi."

Akaangalia saa ya ukutani. Saa tano na nusu.

"Mungu wangu," alisema. "Mama."

*

Mdogo wake aliitwa Haraka tangu utotoni, na jina hilo hakulichukia. Asubuhi ile alikuwa amempakia mama yao kumpeleka hospitali ya macho, ng'ambo ya mlima. Si mlima huu wa kuhesabia. Mlima wenyewe, ule wa malori, wenye kona saba, upande mmoja ukuta wa mawe na upande mwingine hewa. Mama alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na nafasi ya kufanyiwa operesheni waliisubiri miezi mitano. Walitakiwa wafike saa saba kamili. Akikosa leo, anarudi mwisho wa mstari.

Waliondoka saa nne badala ya saa tatu, kwa sababu mama hawezi kusafiri bila kuaga majirani, na majirani wake ni mtaa mzima. Kwa hiyo Haraka alikuwa na jina lake, alikuwa amechelewa, na alikuwa na chipu.

Waya alitoa simu kwenye mfuko wa ovaroli. Ujumbe wa sauti wa mdogo wake ulikuwepo, wa saa tano na dakika tano. Alikuwa ameusikiliza akitabasamu huku akichubua waya. Sasa aliusikiliza tena, mbele ya wote, na kila neno lilikuwa na sura nyingine.

"Dada, gari linaruka! Nimepita malori mawili hapa tambarare, sijashusha hata gia. Mama anasema nipunguze, nimemwambia hii si ile gari ya zamani. Mlimani leo wale wa malori watanijua. Saa saba tutakuwa tumeshafika, tumekaa, tunakunywa soda."

Akapiga. *Namba unayopiga haipatikani.* Akapiga tena. Sauti ya yule dada wa kwenye simu, tulivu kama aliyeoga akapaka mafuta, ikamwambia vilevile.

"Piga ya mama," alisema Tani.

"Ya mama huzimwa safarini. Anasema chaji inamwagika."

Kidole chake cha shahada kiligusa kitu, akaruka. Pasi ya kulehemu alikuwa ameiacha ikiwaka. Ilishatoboa kishimo cheusi kwenye benchi, na sasa ngozi yake nayo ilinukia. Aliizima. Hakusikia maumivu, au aliyasikia mbali, kama ya mtu mwingine.

Hakuhitaji mwalimu kumpigia hesabu. Gari la Haraka lilikuwa la zamani, injini ndogo, na kwenye kona za mlima ule lilikuwa likipumua kama mgonjwa. Miaka yote alilijua, na alilipandisha kwa adabu, nyuma ya malori, akiimba. Kilichobadilika wiki hizi tatu ni mguu wa dereva. Atatoka nyuma ya lori akiamini ana nguvu. Atafika ubavuni, katikati ya njia ya wanaoshuka, atakanyaga mpaka chini, na gari litampa kilekile lilichompa siku zote. Na kona ya mbele haionyeshi anayekuja.

"Nani tunamjua kule?" aliuliza Pistoni. Hakuwa akitania tena. "Kule chini ya mlima, nani?"

"Baba Pancha," walijibu watu watatu kwa pamoja.

Hiyo ndiyo faida ya kujuana. Baba Pancha alikuwa akiziba matairi pale barabara inapoanza kupanda, na akiona gari lenye ugonjwa wa umeme huwa analielekeza kwa Waya. Simu iliita mara nne.

"Dada Waya! Leo jua limetokea wapi? Habari za siku?"

"Nzuri, Baba Pancha. Sikiliza..."

"Nyumbani hawajambo? Mama macho yanaendeleaje?"

"Baba Pancha, sina muda."

Baba Pancha akashusha sauti. "Nani amekufa?"

"Bado," alisema Waya, na neno lenyewe likamtisha. "Mdogo wangu. Gari dogo la kijivu, mlango mmoja wa bluu. Limepita hapo?"

"Yule mwenye honi? Amepita sasa hivi, hata dakika tano hazijaisha. Anapiga honi kama kabeba bibi harusi. Nikasema huyu ana nini leo?"

Waya alikaa chini. Kulikuwa na kiti lakini alikaa juu ya betri.

"Mbele yake kuna lori gani?"

"Mbele yake... la Kobe. Nimemzibia tairi mbili za nyuma, kaondoka hapa robo saa iliyopita. Kabeba saruji, anapanda kwa magoti yule. Atakuwa kwenye kona ya pili hata sasa."

"Simu yake inashika huko?"

"Ana laini ya wale wengine, inashika mpaka kona ya tatu. Ikipita hapo, hakuna kitu mpaka kileleni."

"Mpigie. Baba Pancha, mpigie sasa hivi. Mwambie gari la kijivu lenye mlango wa bluu lisimpite. Asilipe nafasi, hata likipiga honi, hata dereva akimtukana mama yake. Mpaka juu."

"Nimwambie kwa nini?"

Waya akafumba macho. Angeeleza vipi? Kwamba kuna chipu, kwamba kuna mtu mnene alishuka? "Mwambie ndani kuna mama yangu, na dereva anadhani ana gari lingine."

"Basi," alisema Baba Pancha, na simu ikakatika bila kwaheri, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu wajuane.

*

Kungoja ni kazi, na hakuna anayeijua. Gereji ile, ambayo haikuwahi kunyamaza hata siku za msiba, ilinyamaza. Mtu mmoja alianza kugonga rimu kwa nyundo, wakamtazama, akaacha. Wale wa kukaa tu hawakuondoka; walikaa zaidi. Mpaka rangi alimletea Waya maji kwenye kikombe chenye alama za rangi nyekundu. Aliyashika, hakuyanywa.

Baba Pancha alirudisha jibu la neno moja kwa ujumbe: *Nimempata.* Halafu la pili: *Kasema sawa, ila yuko karibu na kona ya tatu, hakusikia yote.* Waya aliusoma ule wa pili mara sita. Hakusikia yote. Alisikia nini? Alisikia kijivu akakosa bluu? Alisikia *likupite* bila ya *si*?

"Kutoka kona ya tatu mpaka kileleni ni kilomita tisa," alisema mwalimu. "Lori lililobeba likienda kilomita ishirini kwa saa, ni dakika ishirini na saba." Alisema kwa nia njema. Hesabu ndiyo sala yake.

"Na lisipoenda?" aliuliza Waya.

Mwalimu akaitazama saa ya ukutani.

Tani alisogea, akachuchumaa karibu yake kwa shida. "Dada Waya. Ningebaki ndani ya gari siku ile..."

"Usianze, Tani."

"Nasema tu. Mama wa ekzosi angesubiri."

"Uzito wako hauna kosa. Wewe hukuandika ubao."

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna. Haraka asingemwamini mchuuzi. Kuna mambo mengi unaweza kusema juu ya mdogo wake, lakini mchuuzi wa begi asingemdanganya. Alikigeuza kile kidude mkononi siku ile akaguna. "Mpaka dada aseme." Alisema hivyo mbele ya watu. Na dada akasema. Kwa nini alisema? Alijitafuta ndani akaona jibu la aibu: kwa sababu walikuwa wengi, kwa sababu walikuwa na furaha, kwa sababu yeye hupenda furaha ya watu wengi kuliko kitu chochote duniani. Angesema "subirini nikifungue kwanza," angekuwa amemwagia maji karamu. Hakutaka. Aliweka jina lake la miaka kumi na minne juu ya kitaa cha kijani kwa sababu hakutaka kuonekana mnoko.

Saa sita kasoro dakika tano. Saa sita kasoro dakika moja. Alipiga tena namba ya Haraka, na yule dada mtulivu akamjibu. Akaanza kuona vitu. Aliona kiatu cha mama barabarani, kile cheusi chenye kifungo, kimoja. Akatikisa kichwa, kikarudi. Aliwaza kwamba mama hataona hata kinachomjia. Ataona ukungu wake wa kila siku, halafu basi. Hakujua kama hiyo ni nafuu au ni ukatili.

Saa sita na dakika nane. Ishirini na saba za mwalimu zilishapita.

Saa sita na dakika kumi na tano simu ililia. Ilimtoka mkononi, ikaanguka juu ya ganda la chipu, akaiokota kichwa chini.

"Haraka?"

"Dada, wewe unajua watu wengine ni wanyama?" Alikuwa akipiga kelele. Nyuma yake upepo wa kileleni ulikuwa ukivuma kwenye simu. "Kuna lori limenizuia mlima mzima! Mlima mzima, dada! Natoka kulia, linatoka kulia. Narudi, linarudi. Nimepiga honi mpaka imepotea sauti. Mama atachelewa kwa sababu ya mshenzi mmoja na saruji yake!"

Waya aliinua mkono, dole gumba juu, na gereji nzima ikatoa pumzi kama tairi. Tani aliweka viganja usoni. Lakini Waya mwenyewe alikuwa akijifuta macho kwa mkono wa ovaroli.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia. Mama yuko wapi?"

"Yuko hapa, anakunywa maji. Dada, nisikilize kwanza. Kona ya tano nikapata nafasi. Lile lori lilikuwa limeshuka pembeni kidogo, nikatoa pua. Nikakanyaga, dada, mpaka chini kabisa, kanyagio limegusa zulia. Nikafika usawa wa mlango wake, na gari..."

Akasita.

"Gari likafanyaje?" aliuliza Waya, ingawa alijua.

"Likakataa. Lilinguruma tu. Nikawa nakanyaga, haliendi. Yule wa lori akaniona, akapiga honi ile yao kubwa, akavuta usukani kuja kwangu, ilibidi nikanyage breki nirudi nyuma yake. Nilimtukana, dada. Nilimtukana tusi ambalo mama hajawahi kulisikia kutoka kwangu. Halafu..."

Upepo ukavuma. Waya alisubiri. Aliisikia sauti ya mdogo wake ikishuka, ngazi kwa ngazi, mpaka ikawa ya mtoto.

"Halafu basi likashuka. La abiria. Likapita palepale nilipokuwa."

Hakuna aliyekuwa amemweleza kitu bado. Alikuwa akijisikia mwenyewe akisimulia, na alikuwa ameanza kuelewa.

"Haraka," alisema Waya. "Mdogo wangu. Ile chipu haifanyi kazi. Nimeifungua ya mwalimu sasa hivi. Ni kitaa tu, hakikuunganishwa na chochote."

"Lakini tuliipima. Wewe mwenyewe ulisema."

"Nilisema. Nilikosea. Mara ya pili Tani hakuwemo ndani ya gari."

Simu ilileta upepo tu. Alidhani mtandao umekwenda. Kisha akasikia mlango ukifunguliwa, mchakacho, na mlio mdogo wa kitu kuchomoka.

"Nimeitoa," alisema Haraka. "Iko mkononi. Imezima." Akasikika akiwasha injini. Injini ikanguruma kule juu ya mlima, ile ngurumo ya siku zote, ya kifua. "Dada, limewaka vilevile."

"Ndiyo. Litawaka vilevile."

"Sijui kama naweza kushuka sasa hivi."

"Kaa kidogo mpaka utulie. Bado mna dakika arobaini, na kutoka hapo ni mteremko, nusu saa inatosha. Shuka na gia ya pili. Usimpite mtu, hata baiskeli."

"Yule wa lori amesimama hapa mbele, anagonga matairi. Ananitazama."

"Nenda kampe mkono. Anaitwa Kobe."

"Unamjua?" Halafu, baada ya kufikiri: "Ni wewe?"

Kabla hajajibu simu ikachukuliwa. "Nani huyo, Waya?" Sauti ya mama ilikuwa kavu na haikuwa na haraka yoyote. "Mwanangu, mimi sikuona kitu, unajua macho yangu. Nilisikia tu kitu kikubwa kinapita karibu na sikio, na upepo wake ukanivua kilemba. Nikamuuliza huyu, nini hiyo? Hakunijibu. Hajanijibu mpaka sasa. Kakaa tu kimya, mwenye mdomo wote ule. Ilikuwa nini?"

Waya aliwatazama watu wote wale waliomzunguka, Pistoni na grisi yake, mwalimu, mpaka rangi, Tani akiwa bado amechuchumaa.

"Lilikuwa basi, mama."

"Karibu hivyo?"

"Karibu hivyo."

"Na chanzo?"

Angeweza kusema Haraka. Mama angeamini, miaka thelathini alikuwa akiamini kila baya la barabarani ni la Haraka. "Mimi, mama. Nilimwambia gari lake lina nguvu, na sikuwa nimehakikisha."

Mama alivuta pumzi. "Tukirudi utanieleza vizuri," alisema. "Macho yakiwa yamepona, nikuangalie wakati unanieleza." Akakata simu.

Watu walianza kusema wote kwa pamoja, kama mvua inavyoanza kwenye bati. Pistoni alikuwa tayari akiigiza Kobe na usukani wake. Mpaka rangi alitaka waende mlimani sasa hivi wapime upya, Tani akiwemo mara zote mbili. Mwalimu alitaka wawe na saa. Ilikuwa karamu nyingine inaanza, na Waya aliisikia ikimvuta kwenye ovaroli, tamu kama kawaida yake.

Alitembea hadi ukutani, akapanda juu ya tairi, akachukua kitambaa afute ubao. Akasita. Akarudisha kitambaa mfukoni, akachukua chaki. Kidole kilichoungua kilikuwa kimeanza kuuma sasa, kwa kweli, kikipwita kila alipobana. Baada ya *Na chipu 35* aliandika, kwa herufi kubwa ili hata aliye barabarani asome: *TANI HAKUWEMO.*

Kisha akashuka, akaketi juu ya betri yake, akafungua orodha ya namba kwenye simu. Mwalimu na Haraka walishajua. Walibaki saba. Wa kwanza alikuwa dereva wa gari la kubebea maziwa, mtu anayewahi kila mahali. Akapiga.

Iliita. Ikaita. Waya akainua mkono kuwanyamazisha wote, na ikaendelea kuita.